Kasma Isiyokuwapo: Nani Alipie Afya ya Akili Katika Shule za Kenya?

Katika fedha ambazo serikali ya Kenya huzipelekea shule za umma, kila jambo ambalo serikali imekubali kuligharimia lina jina lake na mahali pake: vifaa vya kufundishia, ukarabati wa majengo, umeme na maji, michezo, mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Jina hilo ndilo kasma, yaani fungu lililotengwa ndani ya bajeti kwa kazi mahususi, na ndilo peke yake linalompa mkuu wa shule idhini ya kutoa fedha bila kuogopa siku ya ukaguzi wa hesabu. Huduma za afya ya akili hazina kasma yake. Zimetajwa katika sera, katika ripoti za kamati za uchunguzi, na katika hotuba zinazotolewa kila baada ya msiba wa shule, lakini hazijawahi kupata mstari wake katika waraka wa ruzuku. Uchache wa fedha, ingawa ni wa kweli, huja nyuma ya tatizo jingine: hakuna taasisi ambayo, mwanafunzi akiikosa huduma hiyo, inaweza kusimamishwa mbele ya Bunge na kuulizwa kwa nini haikuilipia.

Ukubwa wa mahitaji hauna ubishi mkubwa tena. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana balehe, ulioongozwa na kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC chenye makao yake Nairobi, uliwahusisha vijana wa miaka 10 hadi 17 na kuonyesha kwamba asilimia 44.3 kati yao walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika muda wa miezi 12 iliyotangulia, na kwamba asilimia 12.2 walifikia vigezo vya ugonjwa wa akili. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ni ya msingi, kwa sababu ndiyo inayoamua ni huduma gani inunuliwe. Tatizo la afya ya akili, kwa maana ya utafiti huo, ni dalili za huzuni, hofu, kukosa utulivu au mwenendo wa kusumbua ambazo zinamkera kijana na kuyavuruga maisha yake, lakini ambazo huenda zisihitaji daktari. Ugonjwa ni hali iliyotimiza masharti ya kitabibu, kama vile sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki kadhaa na inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kusoma. Kundi la kwanza linaweza kusaidiwa na mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi na kusimamiwa vizuri, ilhali la pili linahitaji rufaa, na rufaa haina maana ikiwa haina pa kufikia. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limekuwa likikumbusha kwamba takriban nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, umri ambao mtoto wa Kenya yumo katika shule ya msingi ya juu au sekondari ya chini.

Wazo la kuwapo kwa ushauri shuleni si geni. Ripoti ya Gachathi ya 1976, iliyotathmini malengo na sera za elimu, ilikwisha kupendekeza ushauri nasaha, na kamati zilizofuata zikalirudia pendekezo hilo kwa maneno yanayokaribiana. Kilichobadilisha sura ya jambo lenyewe ni mwaka 2001, ambapo mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja. Mwezi Machi, moto wa bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67, miaka mitatu tu baada ya wasichana 26 kuteketea katika Shule ya Bombolulu, Kwale. Na mwaka huohuo, kwa Ilani ya Kisheria namba 56, serikali ikaiondoa adhabu ya viboko shuleni. Kamati iliyoongozwa na Naomi Wangai, iliyochunguza utovu wa nidhamu na ghasia katika shule za sekondari, ilitaka ushauri nasaha uimarishwe. Miaka 15 baadaye, baada ya shule zaidi ya 100 kuchomwa katika mwaka mmoja wa 2016, jopo la uchunguzi lililoongozwa na Claire Omolo liliyakuta mapendekezo hayo yakiwa bado mapendekezo.

Si kila moto wa bweni ni zao la hasira za wanafunzi, na ni kosa kuisoma afya ya akili ya watoto kwa kuhesabu mabweni yaliyoungua. Hata hivyo historia hiyo imeacha alama isiyofutika kwa urahisi: huduma ya kisaikolojia iliingia katika shule za Kenya kama mrithi wa kiboko. Ilipewa kazi ya kutuliza, si ya kutibu, na hadi leo katika shule nyingi mwanafunzi hufika kwa mwalimu wa ushauri kwa sababu amekosa, ameletwa na naibu wa mwalimu mkuu, huku kesi yake ikisubiri kamati ya nidhamu ambayo huenda mwalimu huyohuyo ni mjumbe wake. Mtoto anayenyamaza, anayefanya kazi zake vizuri na kulia usiku, hana njia ya kufika katika ofisi hiyo, kwa kuwa hajavunja kanuni yoyote.

Lugha nayo imechangia kidogo. Nasaha ni mawaidha, maneno ambayo mwenye umri na uzoefu humpa asiyekuwa navyo, na mwalimu aliyeteuliwa kuwa mshauri nasaha ana kila sababu ya kuamini kwamba kazi yake ni kuzungumza. Kazi ya kitaalamu inayokusudiwa, ambayo nchini Tanzania huitwa unasihi, ni ya kusikiliza kwanza na kumsaidia mwenye shida aione njia yake mwenyewe, tena kwa sharti la siri. Sharti hilo ni gumu kulitimiza pale ambapo msikilizaji wa Jumanne jioni ndiye anayesahihisha mtihani wa hesabu wa Jumatano. Ugumu huo ulizidishwa kwa miaka mingi na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwani shule iliyoandika taarifa ya mwanafunzi aliyejaribu kujidhuru ilikuwa inaandika pia ushahidi dhidi yake; Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025.

Ili kuelewa kwa nini kasma haipo, inafaa kuitazama Katiba ya 2010, hasa Jedwali la Nne, ambalo linagawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na serikali 47 za kaunti. Elimu ya msingi na ya sekondari ilibaki kwa serikali ya kitaifa. Kaunti zikapewa elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini. Huduma za afya, isipokuwa sera na hospitali za rufaa za kitaifa, zikaenda kwa kaunti. Mwalimu ni mwajiriwa wa Tume ya Huduma za Walimu, ambayo ni chombo huru chini ya ibara ya 237, na muuguzi wa zahanati iliyo mita 300 kutoka lango la shule ni mwajiriwa wa gavana. Mwanasaikolojia wa shule, kama angekuwapo, angekuwa wa nani? Wizara ya Elimu ina haki ya kusema kwamba tiba si kazi yake, kaunti ina haki ya kusema kwamba shule si zake, na Tume inaweza kusema, bila kukosea, kwamba sheria imeipa kazi ya kuajiri walimu. Kila jibu ni sahihi likichukuliwa peke yake.

Tume yenyewe huhesabu mahitaji ya walimu wa sekondari kwa kufuata mtaala, maana yake ni kwamba idadi ya walimu inayostahili shule hutokana na jumla ya vipindi vinavyofundishwa kwa wiki. Ushauri nasaha si kipindi. Kwa hiyo saa anayoitumia mwalimu kumsikiliza mwanafunzi haizalishi nafasi ya ajira, haionekani katika hesabu ya upungufu wa walimu, na mara nyingi haimpunguzii mwalimu huyo mzigo wa vipindi vyake vya kawaida. Serikali basi hulipia ushauri kwa njia moja tu, nayo ni uchovu wa mwalimu.

Sheria zilizopitishwa katika miaka ya karibuni zimesaidia kwa nusu. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliweka utaratibu wa kuwasajili wanataaluma hao, jambo ambalo bila kukusudia lilionyesha kwamba walimu wengi wanaofanya kazi hiyo shuleni si wanataaluma kwa maana ya sheria. Jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, lililoundwa mwishoni mwa 2019 na kutoa ripoti yake mwaka uliofuata, lilipendekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yakaweka wajibu wa kutenga rasilimali kwa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Wajibu wa wawili, kama ilivyo kawaida, uliwaachia wote wawili nafasi ya kusubiriana.

Hesabu ya ruzuku ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko sera yoyote. Ruzuku kwa kila mwanafunzi ni kiasi maalumu ambacho serikali huipelekea shule kulingana na idadi ya watoto waliosajiliwa. Kwa shule ya msingi kiasi hicho ni shilingi 1,420 kwa mwaka, kwa sekondari ya chini ni 15,042, na kwa sekondari ya kutwa ni 22,244. Tuseme Wizara imekubali kesho kwamba asilimia moja ya ruzuku ya sekondari iwe ya afya ya akili. Shule yenye wanafunzi 1,000 ingepata shilingi 222,440 kwa mwaka, sawa na takriban 18,500 kwa mwezi, kiasi ambacho hakimwajiri mwanasaikolojia aliyesajiliwa. Shule tano jirani zikiunganisha fedha zao zingekuwa na karibu shilingi 92,700 kwa mwezi, na hapo mazungumzo ya kumwajiri mtaalamu mmoja anayezunguka, siku moja kwa kila shule, yanaanza kuwa na maana. Lakini shule ndogo ya vijijini yenye wanafunzi 150 ingepata shilingi 33,366 kwa mwaka mzima, na majirani zake ni shule ndogo kama yenyewe, zilizotenganishwa na barabara mbaya. Ruzuku inayofuata vichwa vya watoto huzipendelea shule kubwa, na huduma hii, ambayo gharama yake kubwa ni mshahara na nauli, huzidhihirisha kasoro za mfumo huo kuliko vitabu vinavyoweza kununuliwa kimoja kimoja. Kingehitajika kiwango cha chini ambacho kila shule hupata bila kujali ukubwa wake, kisha nyongeza ya kila mwanafunzi ifuate juu yake.

Hesabu hiyo, kwa bahati mbaya, imechukulia kwamba ruzuku hufika. Mnamo Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaeleza wabunge kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kutoa shilingi 22,244 zote, na kwamba kiasi kilichokuwa kikitolewa kilikuwa takriban 16,900. Pengo la 5,344 kwa kila mwanafunzi ni mara 24 ya ile asilimia moja inayoombewa nafasi. Mkuu wa shule ambaye hajalipa mpishi wala mzabuni wa mahindi hataikumbuka kasma ya mwanasaikolojia, hata ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu, na hakuna mkaguzi mwenye busara atakayemlaumu. Hii ndiyo sababu inayofanya pendekezo la kuongeza kasma ndani ya ruzuku iliyopo, ambalo ndilo jepesi zaidi kwa wanasiasa kulitamka, liwe pia dhaifu kuliko yote: linaikabidhi huduma mpya kwa mfuko uliokwisha kutoboka.

Njia ya bima ilijaribiwa kwa muda. Mpango wa EduAfya, ulioanzishwa 2018 chini ya bima ya taifa ya NHIF, uliwapa wanafunzi wa sekondari za umma kadi ya matibabu iliyolipiwa na serikali. Kasoro yake kwa upande wa akili ilikuwa ya kimaumbile, kwani bima humlipia anayefika hospitalini akiwa mgonjwa, na kijana mwenye sonona ni nadra kufika hospitalini kwa miguu yake, hasa katika nchi ambamo jina la Mathari, hospitali kongwe ya akili jijini Nairobi, limetumika vizazi na vizazi kama tusi. Pamoja na kasoro hiyo, EduAfya ilikuwa angalau na mlipaji anayejulikana. Mpango huo ulikoma wakati NHIF ilipokuwa ikielekea kuvunjwa ili kuipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo ilianza kazi Oktoba 2024 kwa mfumo unaomsajili mtoto kama tegemezi wa mzazi wake. Na mtoto ambaye mzazi wake hajachangia amerudi alikokuwa.

Wanaotaka huduma ya bei nafuu wana hoja nzuri kuliko wanavyodhaniwa. Wataalamu wa afya ya jamii hutumia neno kugawana kazi kwa utaratibu ambapo sehemu ya kazi ya daktari hukabidhiwa mtu mwenye mafunzo mafupi, huku daktari akibaki kwa wagonjwa wazito na kwa usimamizi. Kenya ina mfano wake mwenyewe ulio imara. Taasisi ya Shamiri, iliyoasisiwa na Mkenya Tom Osborn, iliwafunza vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi katika vikao vinne vya takriban saa moja, vinavyohusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili anayoyathamini. Jaribio lililowashirikisha wanafunzi 413, ambao kwa bahati nasibu waligawanywa kati ya vikao hivyo na vikao vya mbinu za kusoma, lilichapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry na kuonyesha kwamba dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata vikao vya Shamiri. Jina lenyewe lina werevu wake: linaongelea kukua na kustawi, wala halimtangazi anayehudhuria kuwa mgonjwa.

Hatari iko katika namna ambavyo Hazina ya Taifa inaweza kuusoma ushahidi huo. Huduma ya vijana wa mafunzo mafupi ni rahisi, lakini haikosi gharama, kwa kuwa kinachoifanya iwe salama ni msimamizi anayejua lini kijana aliyeketi katika kikundi anahitaji kuondolewa na kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Msimamizi na daktari ndio wenye mshahara mkubwa. Serikali ikilipia tabaka la chini na kuyaacha ya juu kwa wafadhili, itakuwa imejenga ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea.

Mifano ya nje ina manufaa kwa sababu ya tofauti zake. Uingereza, katika England, ilichapisha mapendekezo yake Desemba 2017 na kuanzisha timu za afya ya akili zinazohudumu katika kundi la shule, kila timu ikikusudiwa kwa takriban wanafunzi 8,000, na wafanyakazi wake wakiwa watu waliopata mafunzo ya mwaka mmoja. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba timu hizo hulipwa kupitia mfumo wa afya, si bajeti ya shule, hivyo mkuu wa shule hawezi kuhamishia fedha zao kwenye paa linalovuja. Utekelezaji umekwenda polepole, kwani hadi mwaka 2025 zilikuwa zimewafikia karibu nusu tu ya wanafunzi, lakini kila wakati imejulikana ni nani anayedaiwa nusu iliyobaki. Marekani ilichukua njia ya ruzuku ya ushindani: sheria ya 2022, iliyopitishwa baada ya mauaji ya Uvalde, Texas, ilitenga dola bilioni moja kwa miaka mitano ili shule ziajiri wanasaikolojia na washauri, na mwezi Aprili 2025 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ikatangaza kwamba haitaendelea kuzilipa ruzuku hizo. Fedha za mradi, hata ziwe bilioni, zina tarehe ya mwisho. Mtoto wa miaka 12 aliyezoea kumwona mshauri kila wiki haijui tarehe hiyo.

Umri huo wa miaka 12 ndio unaopaswa kuwatia wasiwasi wapangaji wa Kenya kuliko mwingine wowote. Tangu 2023 darasa la saba, la nane na la tisa ndilo sekondari ya chini, na madarasa hayo yaliwekwa ndani ya shule za msingi, ambazo hazijawahi kuwa na idara ya ushauri kama ile ya sekondari, na ambazo zilipokea walimu wachache, wengi wao wakiwa wa mkataba wa mafunzo kazini. Kwa maneno mengine, mageuzi ya mtaala yamewaweka watoto walio katika umri wa hatari zaidi mahali pasipokuwa na huduma kabisa. Shule za binafsi nazo ziko nje ya hesabu zote zilizotolewa hapa juu. Ruzuku haiwafikii wanafunzi wake, ingawa Katiba, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya bila kuuliza karo yake inalipwa na nani, na ingawa wavulana 21 waliokufa katika moto wa Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, walikuwa wanafunzi wa shule ya binafsi.

Yote haya yanaelekeza kwenye mlipaji aliye upande wa afya, yaani kaunti, na kwenye fedha maalumu za masharti kutoka serikali ya kitaifa, zilizofungwa kwa kazi hiyo tu na kugawanywa kwa kata au kaunti ndogo, si kwa shule mojamoja. Katiba inaruhusu, katika ibara ya 187, serikali hizi mbili kuhamishiana majukumu kwa makubaliano, na Sera ya Afya Shuleni, iliyotolewa 2009 na kuhuishwa 2018, ilikwisha kuzikutanisha wizara mbili katika jalada moja. Kaunti zina madeni na migomo ya madaktari, na pingamizi hilo ni zito. Zina hata hivyo kitu ambacho shule hazina, nacho ni hospitali ambayo rufaa inaweza kupokelewa, wahudumu wa afya wa jamii wanaozijua nyumba za watoto, na gavana anayeweza kuulizwa na bunge lake.

Kikwazo cha kwanza cha mpango huo kitakuwa cha kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai na mwaka wa shule huanza Januari, ambapo nusu ya ruzuku ya mwaka hutakiwa katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili na 20 katika wa tatu. Mtaalamu aliyeajiriwa kwa mpangilio huo anaweza kukosa mshahara katikati ya mwaka. Kikwazo cha pili ni cha vikao. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, na miezi kadhaa kabla ya hapo makundi ya sekta huwa yamekwisha kukutana mbele ya umma kugawana kile kilichopo. Sekta ya elimu hutetea bajeti yake katika kikao chake na sekta ya afya katika kikao chake, na mtoto ambaye shida yake ni ya afya lakini anapatikana shuleni husubiri nje ya milango yote miwili.